Ndizi mbili kwa bakuli la maharage: uchambuzi wa kisa cha kisukari cha mimba wilayani Rungwe

Mama anayehusika na kisa hiki alikuwa na umri wa miaka 34, mimba yake ilikuwa ya tatu, na aliuza ndizi za kupika katika soko la Kiwira, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Jina lake silitaji, na mambo machache ambayo yangemtambulisha kwa majirani nimeyabadilisha. Vyakula na tarakimu za sukari nimeviacha kama alivyoviandika mwenyewe katika daftari la hesabu za ndizi, kurasa za nyuma, kwa sababu uchambuzi wote unasimama juu ya daftari hilo.

Mambo mawili yalitosha kumfanya apimwe mapema. Mama yake mzazi anaugua kisukari, na mtoto wake wa pili alizaliwa na kilo 4.3 kwa uchungu mrefu ambao bado anausimulia kwa kufumba macho. Hata hivyo hakupimwa mapema. Kila hudhurio la kliniki mkojo wake ulichovywa kijiti, kijiti hakikuonyesha sukari, na kadi ikaandikwa kwamba hali ni nzuri. Naomba hapa nisimame kidogo, kwa kuwa kosa hili ni la kila siku: mkojo si kipimo cha kisukari cha mimba. Figo za mjamzito hubadilisha kiwango cha kuachilia sukari, hivyo mwingine huonyesha sukari kwenye mkojo ilhali damu yake ni salama, na mwingine, kama huyu, mkojo wake huwa safi huku damu imeelemewa.

Kipimo chenyewe alikipata wiki ya 26, katika kipindi kinachopendekezwa cha wiki 24 hadi 28. Alifika akiwa hajala tangu usiku, akatolewa damu, akanywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, kisha akatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Majibu yalikuwa milimoli 5.4 kwa lita kabla ya kunywa, 10.7 baada ya saa moja na 8.8 baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kufikia 5.1, au 10.0, au 8.5 katika moja tu ya vipimo hivyo vitatu kunatosha kusema kuna kisukari cha mimba. Yeye alivuka vyote vitatu, ingawa kwa hatua fupi. Kuna watu huuliza kama hatua fupi namna hiyo ina maana yoyote. Utafiti wa HAPO, uliochapishwa mwaka 2008 baada ya kufuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto mkubwa kupita kiasi hupanda pole pole kadiri sukari ya mama inavyopanda, bila ngazi ya ghafla ambayo chini yake mtu angeweza kulala usingizi mnono. Hatua fupi, kwa hiyo, ina maana.

Karatasi aliyopewa

Siku hiyohiyo alipewa ushauri wa chakula, na ushauri ulikuwa ukurasa mmoja uliotolewa nakala ya nakala, maandishi yakiwa yamefifia pembeni. Sitaji kituo kilichompa. Kwenye safu ya vyakula vinavyoruhusiwa kulikuwa na shayiri iliyopondwa, mkate wa ngano isiyokobolewa, tofaa, jibini lisilo na mafuta na samaki wa bahari za nchi za baridi ambao sijawahi kuwaona sokoni mwetu. Kwenye safu ya vilivyokatazwa kulikuwa na ndizi, viazi, wali, ugali, maembe na uji.

Mimi nilikutana naye wiki mbili baadaye, wiki ya 28, nilipoitwa kama afisa lishe kwa sababu uzito wake ulikuwa umeshuka kutoka kilo 78 hadi 75.5, alikuwa anasikia kizunguzungu, na mkojo wake ulikuwa na ketoni, mabaki ya mafuta yanayochomwa mwilini, alama mbili. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula, ambayo tunataka iwe chini ya 5.3, ilikuwa imepanda hadi 5.9. Yaani alikuwa amekula kidogo kuliko wakati wowote wa ujauzito wake, na sukari ya asubuhi ilikuwa mbaya zaidi kuliko siku aliyopimwa. Mwenzangu aliyemwona kwanza aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati masharti.

Nilimwomba anieleze masharti yenyewe. Alitoa ile karatasi kwenye kanga, akaikunjua juu ya meza, akasema, "Daktari, kwetu zikiondoka ndizi na viazi, kinachobaki ni majani na mvua."

Majani na mvua ndiyo aliyokuwa akila. Asubuhi alikunywa maziwa bila kitu, mchana akala mboga ya majani ya maboga na kipande cha samaki, jioni mboga tena na nusu ya ndizi moja. Ni vigumu kumlaumu. Karatasi ilikuwa na muhuri.

Hesabu ya siku ya kawaida

Kabla ya kupanga chochote nilirudi nyuma, nikataka kujua alikula nini kabla ya karatasi, kwa sababu hapo ndipo kisukari chake kilipokuwa kinaishi. Aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kupokea ndizi kutoka mashambani. Saa mbili asubuhi, mzigo ukishapangwa, mama ntilie wa jirani alimletea chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa na chapati mbili. Mchana alikula wali wa Kyela kwa maharage, sahani iliyochongoka, akateremshia soda. Jioni familia ilikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage au nyama. Kabla ya kulala, kwa ajili ya mtoto, mama mkwe wake alimpa kikombe kikubwa cha uji wa ulezi wenye sukari.

Tukae kwenye ile chai ya saa mbili, maana ndiyo moyo wa kisa. Chapati moja ya sokoni, nene na pana, ina takribani gramu 40 hadi 45 za wanga. Mbili ni karibu 90. Sukari ya kwenye chai inaongeza kama 20, na maziwa kama 10. Mama huyu alikuwa akiingiza takribani gramu 120 za wanga katika dakika kumi, ilhali mahitaji ya chini ya mjamzito kwa siku nzima ni gramu 175. Na aliziingiza katika saa mbaya kuliko zote. Alfajiri mwili hutoa homoni zinazouamsha, ikiwamo kotisoli, na homoni hizo huifanya insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ifanye kazi kwa uzito. Kwa mtu asiye na mimba jambo hili hupita bila kuonekana. Kwa mjamzito wa wiki 28 kuna mzigo mwingine juu yake: kondo la nyuma hutoa homoni zake zinazoufanya mwili wa mama uikaidi insulini ili sukari isiishie kwenye misuli ya mama bali imfikie mtoto. Kongosho la mama wengi hujibu kwa kutoa insulini mara mbili au tatu ya kawaida. La mama huyu halikuweza, na asubuhi ndipo lilipozidiwa zaidi.

Mtoto naye hulipa. Sukari huvuka kondo la nyuma lakini insulini ya mama haivuki, hivyo kongosho la mtoto huanza kutengeneza insulini yake kushughulikia sukari aliyoletewa, na insulini hiyo humnenepesha mabegani na tumboni. Akizaliwa, kitovu kikikatwa, sukari inakoma ghafla lakini insulini bado ni nyingi, na sukari ya mtoto huporomoka katika saa za mwanzo. Ndiyo maana tunahangaika na chapati.

Viazi vya usiku

Lililobaki bila jibu lilikuwa lile la sukari kupanda wakati chakula kimepungua. Mama mkwe alikuwa amemsindikiza. Kwa desturi ya Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hukwepana, kwa hiyo mambo ya nyumba ile yanayomhusu mwana mkwe hupitia kwa mama huyu mzee, na nilimwamkia na kumwomba naye anisaidie kufikiri. Alinyamaza muda mrefu. Kisha alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye si msemaji, lakini viazi vinavyobaki kwenye sufuria jioni havifiki asubuhi kwa idadi ileile.

Mwana mkwe aliinamisha uso. Ilikuwa hivi: njaa ilimwamsha saa nane au saa tisa usiku, mikono ikitetemeka, akaenda jikoni gizani na kula viazi baridi vinne au vitano vya Uporoto, mara nyingine na chai yenye sukari. Saa kumi na mbili alipima. Kile alichokiandika kuwa sukari ya kufunga kilikuwa sukari ya saa tatu baada ya kula. Hakutaka kutuambia, kwa sababu viazi vilikuwa kwenye safu ya vilivyokatazwa.

Ketoni nazo zikaeleweka. Mwili unaonyimwa wanga mchana kutwa huanza kuchoma mafuta, na mjamzito hufika huko haraka kuliko mtu mwingine. Hukumu ya kwamba mgonjwa hafuati masharti ilikuwa kinyume kabisa cha ukweli: aliyafuata hadi yakamwangusha. Nilichukua ile karatasi, na kwa ruhusa yake nikaandika nyuma yake.

Mizani ya sokoni

Sikumpa orodha nyingine. Nilimwambia aje kesho yake na bakuli analolia, kikombe anachonywea na ndizi tatu za aina anayopika. Alikuja navyo, bakuli la bati lenye ukingo wa bluu uliochubuka, na kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara alikuja pia na mizani aliyoazima kwa muuza vitunguu. Tulimenya na kupima. Ndizi mbichi iliyomenywa ilikuwa na gramu 105, nyingine 98, nyingine 130. Kila gramu 100 zina takribani gramu 25 hadi 30 za wanga. Aliangalia bakuli, akakadiria kwamba kwa kawaida anajaza ndizi sita. Hakuna aliyelazimika kumweleza zaidi. Mtu anayeishi kwa mizani akishaona uzito, hesabu huifanya mwenyewe.

Mpango tuliokubaliana uligawa wanga katika milo sita: gramu 30 asubuhi, 15 saa nne, 50 mchana, 20 alasiri, 45 jioni na 20 kabla ya kulala. Jumla ni 180, juu kidogo ya ile 175 ya chini. Maneno ya kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya watu wawili, ambayo mama mkwe aliyaleta mezani, hatukuyapuuza, tuliyapima tu: nyongeza inayohitajika ni kama kalori 340 kwa siku katika miezi mitatu ya kati na kama 450 katika miezi mitatu ya mwisho. Hiyo ni kikombe cha maziwa, yai na nusu ya parachichi. Sahani ya pili haimo.

Asubuhi ikawa viazi viwili vidogo vya kuchemsha, mayai mawili na chai ya maziwa bila sukari. Siku anazotamani chapati, nusu chapati kwa mayai. Chai bila sukari ilikuwa vita vya wiki nzima, na tangawizi ndiyo iliyosuluhisha. Saa nne alikula karanga za kuchemsha na ndizi mbivu moja ndogo, ile fupi ya kidole. Mchana sahani ya mama ntilie iligeuzwa: mboga nusu ya sahani, maharage bakuli dogo zima, wali kiasi cha ngumi moja na kidogo, maji badala ya soda. Nusu lita ya soda ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na hakuna kinachoipunguzia mwendo inapoingia kwenye damu. Jioni, ndizi mbili za wastani zilizopikwa na maharage, majani ya maboga kwa karanga, na robo ya parachichi, ambalo Rungwe halihitaji kununuliwa kama kitu cha anasa, linaokotwa chini ya mti. Alianza na mboga na maharage, ndizi zikafuata, kwa kuwa utaratibu huo hupunguza kasi ya sukari kupanda. Kabla ya kulala, kikombe cha maziwa na kiazi kimoja. Kiazi kilekile cha usiku, sasa kwa ruhusa na kwa saa inayojulikana.

Jambo moja nalitaja kwa haraka kwa kuwa ni la chai. Vidonge vya kuongeza damu alikuwa akivimezea chai ya maziwa, na chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Tulivihamishia kwenye maji, mbali na chai.

Daftari lilivyosema

Vijiti vya mashine ya kupimia sukari ni ghali kwa mtu anayelipa mwenyewe, na kumtaka mama wa kijijini apime mara nne kwa siku ni kumtaka aache kununua mayai. Tulikubaliana apime kila asubuhi kabla ya kula, na kila siku mlo mmoja tu, saa moja baada ya kuanza kula, akizunguka: leo asubuhi, kesho mchana, keshokutwa jioni. Lengo la saa moja ni chini ya 7.8. Kwa wiki mbili daftari lilijaa vya kutosha kutufundisha sote.

Chapati mbili na chai yenye sukari, ambazo alizila mara moja kwa makusudi ili aone: 11.3. Nusu chapati na mayai: 7.1. Viazi viwili na mayai: 6.8. Wali ngumi moja kwa maharage: 7.5. Ndizi mbili kwa maharage na mboga: 6.9. Ndizi nne kwa mchuzi bila maharage, siku ya msiba wa jirani: 9.4. Kikombe cha uji wa ulezi bila sukari hata punje: 9.2.

Uji wa ulezi uliwashangaza watu wote nyumbani, na baadhi ya wenzangu kazini. Ulezi una sifa njema katika nyanda hizi, na sifa hizo si za uongo: una madini ya chokaa na nyuzinyuzi. Ila nafaka yoyote ikisagwa laini, ikachemshwa hadi ikawa kinywaji, tumbo halina kazi iliyobaki, na wanga wake huingia kwenye damu kwa kasi inayokaribia ya sukari yenyewe. Dona nayo iko hivyo. Nasikia kila wiki mgonjwa akijisifu kwamba ameacha sembe, kisha naona mlima wa dona kwenye sahani yake. Dona ina vitamini na nyuzinyuzi ambazo sembe imezipoteza, na ndiyo sababu ya kuila, lakini robo kilo ya ugali wa dona bado ni zaidi ya gramu 60 za wanga. Jina la chakula halipimi kitu. Ndizi ileile, mpishi yuleyule, ilimpa 6.9 siku moja na 9.4 siku nyingine.

Kutembea baada ya kula kulikuwa na shida ya mahali. Dakika 15 za kutembea baada ya mlo hushusha sukari kwa kuwa misuli inayofanya kazi huvuta glukosi bila kuisubiri sana insulini, lakini Rungwe jioni ya Aprili ni matope na ukungu, na mama mwenye tumbo la miezi saba hapaswi kuteleza kwenye mteremko. Alipendekeza mwenyewe kuosha vyombo akiwa amesimama, kufagia, na kuzunguka ndani ya nyumba huku akihesabu mapato. Sokoni mchana alizunguka vibanda badala ya kukaa kwenye ndoo.

Pale chakula kilipofika mwisho wake

Kufikia wiki ya 31 ketoni zilikuwa zimeisha, uzito umeanza kupanda taratibu, na vipimo vya baada ya kula karibu vyote vilikuwa ndani ya lengo. Sukari ya alfajiri haikukubali. Siku tano kati ya saba ilikuwa kati ya 5.5 na 5.8, na safari hii hakukuwa na viazi vya siri. Tulijaribu kusogeza mlo wa usiku mbele na nyuma, tukaubadilisha ukawa maziwa na karanga, na ikawa vilevile.

Nilimwandikia rufaa, na daktari akamwanzishia insulini ya kuchoma usiku, dozi ndogo iliyoongezwa hatua kwa hatua. Hapa ndipo alipolia, mara ya kwanza mbele yangu. Aliona ameshindwa. Nadhani sisi wahudumu tunachangia machozi hayo tunapoitaja sindano kama adhabu inayomngojea asiyejinyima. Sukari ya alfajiri haitokani na mlo wa jioni kwa kiasi kikubwa. Hutokana na ini, ambalo usiku kucha humwaga glukosi kwenye damu ili ubongo usikose chakula, na ni insulini inayoliambia lipunguze. Insulini isipotosha, ini haliambiwi, na hakuna sahani inayoweza kusema kwa niaba yake. Sahani ilikuwa imefanya kazi yake yote, na kwa sababu hiyo alihitaji sindano moja kwa siku, wakati angeweza kuhitaji nne. Nilimweleza pia kwamba insulini haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto, jambo ambalo mama mkwe alilirudia mara mbili ili alikariri kwa ajili ya mume.

Nyumba haikuwa na jokofu. Chupa inayotumika hukaa salama kama wiki nne katika joto la kawaida la chumba, na baridi ya Rungwe katika hili ni rafiki, lakini jiko lao la kuni lilikuwa chumba kimoja na kabati. Chupa ilihamia chumbani, ndani ya kopo, na kopo ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu. Kando ya kitanda aliweka kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari, tayari kwa kuongezwa maji, kwa ajili ya usiku ambao sukari ingeshuka chini ya 3.9 na jasho kumtoka. Alikunywa mara moja tu. Alinichekesha aliponiambia kwamba vile vijiko vitatu tulivyovitoa kwenye chai vimepata kazi ya ulinzi.

Kujifungua na baada yake

Uchungu ulianzishwa hospitali wiki ya 39. Alizaliwa mtoto wa kike wa kilo 3.5, bila kukwama mabega, akawekwa kifuani na kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Sukari yake ya kisiginoni ilikuwa 3.0 na haikuhitaji maji ya dripu. Insulini ya mama ilisimamishwa siku hiyo, kwa kuwa kondo la nyuma likishatoka ule ukaidi wa mwili huondoka nalo, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili.

Kwa wengi kisa huishia hapo, na hapo ndipo tunapowapoteza. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye mara saba au zaidi ya mwenzake, na anatakiwa kurudia kipimo cha gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12. Mama anayenyonyesha na kuuza ndizi hatafunga safari kwa ajili ya kipimo chake. Atafunga safari kwa chanjo ya mtoto. Tulikifunganisha kipimo chake na chanjo ya wiki ya sita. Alikuja akiwa amekunywa chai, kwa sababu nilimkumbusha chanjo na nikasahau kumkumbusha kufunga. Kosa lilikuwa langu. Tukakisogeza hadi chanjo ya wiki ya kumi.

Safari hiyo alifika na njaa yake. Kabla ya kunywa 5.3, baada ya saa mbili 8.2. Kisukari hakipo, kwa kuwa kingeanzia 11.1, lakini kawaida huishia chini ya 7.8, kwa hiyo yuko katikati, mahali ambapo bakuli lake la bati linaendelea kuwa na maana. Ananyonyesha, jambo linalosaidia sukari yake pia. Anakula ndizi tatu sasa, maana ananyonyesha na anarudi sokoni, na soda hajairudia isipokuwa siku ya ubatizo.

"Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, alisema mama mkwe akiwa amembeba mtoto, kisha akauliza yeye mwenyewe apimwe lini. Tulimpima siku hiyohiyo.

Tarehe ya kipimo cha mama cha mwaka ujao nimeiandika kwa wino mwekundu juu ya kadi ya mtoto, kwa sababu kadi yake ya ujauzito iliisha kazi siku aliyojifungua, na hii ya mtoto ndiyo atakayokuwa akiibeba kila mwezi.